Finola Asitoke Kabla ya Mashua

Kilfarra
2 Agosti 1961

Enda mpenzi,

Tumefika, na sisi sote wazima. Natumai na wewe huko Coventry u mzima, unakula chakula cha moto, si mkate na chai ukiwa umesimama mbele ya sinki. Cathal alitapika melini tangu tulipong'oa nanga mpaka tulipofunga gati, kisha akashuka akala soseji tatu. Finola hakupata hata lepe la usingizi. Alisimama sitahani usiku kucha akiitafuta hiyo bahari yako uliyomsimulia tangu akiwa mchanga.

Sasa nikwambie jambo. Mama yako alikuja kutupokea kwenye kituo cha basi. Cathal alikumbatiwa, akabusiwa, akaambiwa ni babu yake mtupu, Mungu ambariki. Finola naye akavua kofia amsalimie bibi yake kwa adabu kama ulivyomfundisha. Mama akaganda. Enda, aliganda kabisa! Kisha akavua kitambaa chake mwenyewe kichwani, mvua ikinyesha, akamfunga mtoto mpaka kwenye nyusi, akakaza fundo chini ya kidevu, ndipo akambusu. "Upepo wa huku una meno, binti yangu," akasema. Upepo gani? Mvua ilikuwa inashuka wima.

Tangu siku hiyo kitambaa hakitoki kichwani. Na asubuhi Finola haruhusiwi hata kufungua pazia mpaka mashua zote ziwe zimeondoka gatini. Cathal, miaka mitano, yuko nje alfajiri juu ya mabega ya Malachy ndugu yako, amevaa buti za watu wazima na anatukana kama baharia. Finola, miaka tisa, yuko jikoni akikoroga uji wa shayiri na macho yameelekea mlangoni. Nikiuliza, Mama hunijibu, "Mwache apumzike, safari yenyewe ilikuwa ndefu." Safari ya wiki iliyopita! Kule nyumbani wewe ndiye unayemkataza asiinuke kukuaga unapokwenda kazini, eti atapata baridi. Huku bibi yake anamkataza, eti upepo. Kwani ukoo wenu wote mnaogopa hewa?

Nitasema lililo moyoni, maana nikiliweka litaniozea. Nywele zangu nyeusi, zako nyeusi, za Cathal nyeusi. Za Finola nyekundu kama karoti iliyooshwa. Naona mama yako anavyozitazama, kisha ananitazama mimi. Kama anadhani mtoto huyu nilimwokota njiani, aniambie usoni. Mimi ni mtu wa bara, kwetu tunagombana mezani na tunamaliza hapo hapo.

Ulinituma huku mwezi mzima nipaone, kisha nikwambie kama tunaweza kuhamia moja kwa moja. Nimeahidi kutazama kwa jicho jema, na kweli natazama. Mahali ni pazuri, siwezi kukataa. Watu wana salamu. Cathal ameshasema harudi Uingereza. Lakini sitamhamishia binti yangu mahali anapofichwa kama sahani yenye ufa wageni wakija. Kama kuna jambo unalijua, nambie.

Mkeo,
Dympna


Coventry
6 Agosti 1961

Dympna wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Mama yangu akushuku wewe? Mama anakuheshimu mno. Tangu umjibu vile siku ya harusi yetu, anakuogopa kidogo.

Hilo la kitambaa lisikunyime usingizi. Wazee wa pwani wana mambo yao, na ukianza kuyauliza moja moja hutakunywa chai. Mama hakubahatika kupata binti. Alilea wavulana wawili, tukamtoka mikononi kama mikunga, samaki wale wa utelezi. Sasa kampata msichana wa kumfunga vitambaa na kumfundisha kukoroga uji, mwache afaidi. Na asubuhi gatini ni kamba, ndoano na lugha chafu. Cathal ameshaharibika, tusiwapoteze wote wawili.

Mimi mzima. Jengo letu limefika ghorofa ya tisa na wananipeleka juu kila siku, kwa kuwa watu wa pwani hatuna kizunguzungu. Uongo mtupu, ninacho, ila siwaambii. Huko juu hutazama upande wa magharibi nikajidanganya kwamba naiona Kilfarra. Dympna, nimechoka na vumbi la watu wengine. Nataka kuamka kwangu. Ipe Kilfarra nafasi. Kuna habari nitakayokwambia hivi karibuni, na ni njema.

Mbusu Cathal. Mbusu Finola, na umwambie asimsumbue bibi yake, afanye anavyoambiwa asubuhi. Ni mwezi mmoja tu.

Wako,
Enda


Kilfarra
8 Agosti 1961

Mwanangu Enda,

Mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Miaka tisa unanitumia picha za mtoto yule, na katika picha zote yeye ni wa kijivu kama sisi sote. Picha hazina rangi, na wewe huna haya. Kwa nini hukuniambia kwamba ana nywele nyekundu? Ningejiandaa. Nimelijua jambo hilo barabarani, mvua inanyesha, na Peadar Gaughan amesimama hatua chache kutoka pale na nyavu begani.

Na mkeo hukumwambia. Naliona hilo. Hajui kwamba mvuvi wa hapa akikutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu akiwa njiani kwenda kwenye mashua, hugeuka akarudi kitandani, na siku hiyo imekwisha. Mwanamke ni mwanamke, awe na miaka tisa au tisini. Wewe ulilijua hili kabla hujajua kusali. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mkeo anadhani simpendi mtoto, na nimemwacha adhani hivyo. Heri anione mimi mkwe mwenye kisirani kuliko aijue Kilfarra kabla hajaipenda. Nataka mrudi, Enda. Nataka kusikia watoto wakigombana nyumbani humu kabla sijafukiwa. Kwa ajili hiyo nitamfunga mtoto vitambaa mpaka vidole vyangu vitoke damu.

Siku ya kwanza nilipomchana nywele zile, ilibidi nikae chini. Ni za mama yangu. Hukumkuta, na mimi sikuzoea kumtaja. Mimi ndiye niliyezileta nyumbani humu, si Dympna. Mama yangu alipita njia ya nyuma ya makaburi maisha yake yote. Hakuwahi kumuaga baba gatini hata siku moja. Na siku baba alipozama, alikuwa hajamuaga vilevile.

Malachy anacheka. Anasema ni upuuzi wa wazee na kwamba atambeba mtoto mgongoni mbele ya kijiji kizima. Lakini nimemwona asubuhi, kabla ya kutoka, akichungulia kwanza dirishani.

Mwandikie mkeo umwambie mwenyewe. Asilisikie kwa mdomo wa mtu baki.

Mama yako,
Sabina Lavelle


Kilfarra
10 Agosti 1961

Enda,

Leo sikuiti mpenzi.

Asubuhi Malachy alisahau chupa yake ya chai mezani. Finola aliiona. Unamjua mtoto wako, akiona mtu kasahau kitu hawezi kutulia. Bibi yake alikuwa bandani kwa kuku. Finola akachukua chupa akakimbia gatini, miguu mitupu, kichwa wazi, nywele zote mgongoni.

Mimi niliamshwa na sauti ya buti. Nimeshaizoea sauti ya buti zikishuka, lakini hizi zilikuwa zinapanda. Nikatoka mlangoni. Peadar Gaughan anarudi, wanawe wanarudi, na watu wa mashua nyingine nyuma yao, kimya kama wametoka maziko. Peadar akagusa kofia yake. "Hali ya hewa imekataa leo, mama." Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa safi, huoni wingu hata la dawa.

Nikakimbia chini. Finola amesimama katikati ya gati na chupa yake, peke yake na Malachy. "Mama," akaniuliza, "wanakwenda wapi wote?"

Malachy alikuwa anacheka. "Wameona msichana mzuri, wakakumbuka wake zao," akamwambia. Akanywa chai pale pale, akambusu utosini juu ya zile nywele, kisha akawapigia kelele waliokuwa wanapanda mlima. "Peadar! Mtu mzima wewe, ndevu zote hizo, unaogopa karoti?"

Peadar hakugeuka. "Cheka, Malachy. Bahari haina utani na mtu."

Kijana anayevua na Malachy ni mwana wa Peadar, naye alikataa kupanda. Basi Malachy akaenda peke yake, akiimba, ili kila mtu amsikie. Finola akampungia mkono mpaka akapita mwamba. Alifurahi sana, Enda. Alidhani amefanya jambo jema.

Nikaenda dukani kwa Delia Heraty kununua unga, nikamuuliza. Nimemuuliza yeye kwa kuwa hajui kusema uongo, hata mizani yake haijui. Akanitazama kwa mshangao. "Enda hakukwambia?" Kisha akaniambia yote, huku akifunga unga. Yeye mwenyewe alikuwa na nywele nyekundu kuliko za Finola. Ndiyo maana duka lake halifunguliwi mpaka mashua ziondoke, na watu wameshasahau kwa nini.

"Na ulikubali?" nikamuuliza.

"Kukubali nini, mwanangu? Wewe unakubali mvua? Nilitoka wakishatoka. Nywele zilipokuwa nyeupe zote, asubuhi moja nikashuka gatini wakati wa mashua. Hakuna aliyegeuka. Nikaona namna mwanga unavyoingia kwenye maji pale. Miaka yote sikujua kwamba ni pazuri hivyo." Akanirudishia chenji. "Nikalia kidogo, nikaenda kufungua duka."

Hayo ndiyo maisha unayotaka kumletea mtoto wangu? Angojee uzee ndipo aone asubuhi? Na ulijua. Ulimwambia afanye anavyoambiwa asubuhi, ukaniambia lisininyime usingizi. Mama yako nimemwomba radhi, maana nilimdhania vibaya. Wewe, sijui nikuombe nini.

Dympna

Naongeza haya alasiri. Ukungu umeingia ghafla, mweupe, hata ukuta wa bustani siuoni. Malachy hajarudi. Mama anasema huchelewa mara nyingi. Finola amesimama mlangoni. Kitambaa amekifunga mwenyewe.


Coventry
12 Agosti 1961

Dympna wangu,

Leo Jumamosi, nimepata kiti, na sasa nikupe ile habari njema. Nimeacha kazi! Nimemwambia msimamizi kwamba nikimaliza wiki mbili hizi simo. Alinipa mkono, akasema watu wote wa Kilfarra ni vichaa. Najua tulisema tusubiri mwisho wa mwezi. Lakini nilipokuwa ghorofani nilijiona nikivuka lile lango la bustani, Cathal ananikimbilia, Finola nyuma yake, na sikuweza kusubiri tena. Malachy atanipa nafasi kwenye mashua. Watoto watakwenda shule niliyosoma mimi. Usinikasirikie, nimefanya kwa

Nilikatizwa hapo. Kijana wa posta amegonga na telegramu ya Mama. Nainakili kama ilivyo: MALACHY KAPATIKANA HAI. USIJE BADO. MAMA.

Kapatikana? Kwani alipotea lini? Sina barua yako tangu ile ya mwanzo wa mwezi. Ana nini? Yuko wapi? Na kwa nini nisije? Watoto wako wapi, Dympna? Finola yuko wapi? Alitoka asubuhi? Niandikie leo hii, usingoje kesho.

Enda


Kilfarra
15 Agosti 1961

Enda,

Sasa utakuwa umeshapata barua yangu ya tarehe kumi, basi sitarudia.

Malachy hakurudi siku ile, wala usiku, wala siku ya pili. Ukungu haukuinuka. Mashua za watu wale wale waliogeuka zilitoka kumtafuta, zikarudi, zikatoka tena. Nakuomba ulijue hilo pia. Peadar Gaughan alipiga baragumu pale mwambani mpaka sauti ya baragumu yenyewe ikakauka.

Wanawake walikuja kukaa na Mama. Walileta keki, mkate wa soda, nyama ya nguruwe, wakasali rozari. Hakuna aliyemwambia Finola neno baya. Hakuna hata mmoja, Enda, na hilo ndilo lililonitisha. Walimpa vipande vikubwa vya keki. Walimpapasa shavu na kusema, "Maskini, hukujua." Kila aliyeingia alimwambia hivyo. Hukujua. Mtoto aliacha kula. Akaniuliza, "Mama, nilikuwa sijui nini?" Nikamwambia. Ningefanyaje? Nilimwambia ni upuuzi, kwamba nywele haziwezi kuleta ukungu. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akasema, "Lakini wote ni watu wazima."

Ijumaa jioni tulikuwa tumepiga magoti, yeye hayupo. Nilimkuta bandani na ule mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Alikuwa amezikata zote, ovyo ovyo, karibu na ngozi, na sikio moja limechanika. Hakulia. "Sasa atarudi," akasema. Mama yako aliingia nyuma yangu. Yule mwanamke aliyekaa siku mbili bila kudondosha chozi kwa ajili ya mwanawe alianguka chini, akawa anaziokota nywele zile kwenye majani makavu, unywele mmoja mmoja, anazitia kwenye aproni, analia kwa sauti, "Nywele za mama yangu, nywele za mama yangu." Ndivyo nilivyojua zilikotoka.

Na asubuhi ya Jumamosi Malachy akarudi. Hakurudi kwa bahari, alirudi na lile gari la mikate linalofika gatini alfajiri, amekaa kati ya trei, ananuka dizeli. Injini ilimfia. Ile injini kuukuu ambayo kijiji kizima kinajua kwamba inakufa kila mwezi. Alipeperushwa mpaka meli ya wageni ikamwona na kumvuta hadi bandari ya kaskazini. Watu walimbeba, wakamwimbia, wakampa pombe kali saa ya uji. Na hakuna aliyeitaja injini, Enda. Nilisimama pale nikisubiri mtu mmoja tu aseme, "Injini ile ilikuwa mbovu." Hakuna.

Finola alisubiri nyuma ya mlango mpaka watu wakaondoka. Malachy alipomwona alivyokata nywele alibadilika uso. Alipiga goti. "Nani kakufanya hivi?" "Mimi." Akamshika mabega. "Sikiliza, karoti yangu. Mashua ikipona, siku ya kwanza nikitoka, wewe ndiye utakayenishika mkono mpaka gatini. Mbele yao wote. Umesikia?" Finola akaitikia kwa kichwa, na usiku huo alikula. Mama alikwambia usije bado kwa kuwa hakutaka umkute mtoto katika hali ile.

Habari ya kuacha kazi imeniuma kuliko nitakavyoandika, lakini nimechoka kukasirika. Nitafanya hivi. Nitangoja Malachy atimize ahadi. Akimshika mtoto mkono wakashuka pamoja na dunia isianguke, basi mimi pia nitakaa, nitapigana na hawa wengine mmoja mmoja. Asipofanya, narudi na watoto, na wewe utachagua pa kuishi.

Dympna


Coventry
18 Agosti 1961

Dympna mpenzi,

Nimekosa. Ningekwambia. Kila nilipotaka kukwambia hapa Coventry, kati ya mabasi na viwanda, lilisikika jambo la kijinga hata kulitamka, nikasema litajifia lenyewe. Nilidhani kwa kuwa hatulitaji, halipo.

Lakini umesema neno zuri, nami naling'ang'ania. Malachy ni Malachy. Tangu utotoni akisema ataruka, anaruka. Akishuka naye gatini wakarudi na samaki, Peadar na wenzake watacheka, watakunywa, na itakuwa hadithi ya baa: unakumbuka siku ile ya karoti? Kilfarra husamehe haraka anayerudi na samaki. Nywele zitaota. Subiri asubuhi hiyo, nakusihi, usifunge mizigo kabla yake.

Naona aibu kumwandikia Finola. Mwambie Baba anampenda kichwa chake chote, kilivyokuwa na kilivyo.

Enda


Kilfarra
21 Agosti 1961

Mpenzi Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo isipokuwa Cathal ameng'atwa na kaa kidoleni, lakini ni kosa lake. Mama amesema niandike mwenyewe barua hii na hataisoma. Ameniruhusu kutumia kalamu yake.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya mashua ya Baba mdogo Malachy kutoka tena. Baba mdogo aliniambia jana jioni, "Kesho, karoti." Bibi hakunifunga kitambaa. Alinichana, ingawa hakuna cha kuchana, na akanipa sweta jipya. Mkono wake ulikuwa baridi. Nilitoka kabla ya wote nikamsubiri kwenye lango la bustani, kwa sababu nilitaka anikute tayari. Nywele zilizobaki ni fupi sana, lakini Cathal anasema zinaonekana nyekundu zaidi kuliko zamani. Nilifikiri labda hazihesabiki zikiwa fupi.

Baba mdogo alitoka na buti na koti la mvua. Akaniona. Nikanyoosha mkono. Akasimama kwenye kijia, akapapasa mifuko, huku na huku. Akasema, "Loo, nimesahau kiko changu. Ningoje hapo hapo." Akarudi ndani.

Nikangoja. Wale wengine walikuwa wamepita njia ya nyuma ya makaburi, niliwasikia wakikohoa. Mashua zao zikaondoka zote. Mwanga uliingia kwenye maji, uliingia kwanza pembeni halafu katikati, ni pazuri kama bibi wa dukani alivyomwambia Mama. Halafu Bibi alitoka na shali akanifunika mabega, akasema Baba mdogo kichwa kinamuuma, amelala, nije nile uji.

Baba, Baba mdogo havuti kiko.

Simkasirikii. Nilipopita chumbani kwake alikuwa amejifunika blanketi mpaka juu na buti anazo miguuni. Nilimwacha. Nadhani alitaka kweli kunishika mkono, ila alishindwa.

Mama ameshatoa masanduku chini ya kitanda. Bibi ameweka nywele zangu kwenye bati la biskuti na amesema atanipa nikienda, au zibaki ikiwa nitakaa. Cathal anataka kukaa. Mimi napapenda hapa, kuna pomboo wanaokuja karibu, na nampenda Bibi. Mama anasema nikuulize wewe: tukikaa, niwe natoka saa ngapi?

Na nina swali langu moja, Mama halijui. Kule Coventry, asubuhi unapokwenda kupanda jengo, nikitaka kukuaga unasema nibaki kitandani nitapata baridi. Hata mwezi wa sita, wakati wa joto, ulisema hivyo. Cathal humkatazi. Je, Baba, ni baridi kweli, au na wewe ulikuwa unaniogopa?

Tafadhali jibu upesi. Ukisema ni baridi nitaamini.

Binti yako,
Finola


TELEGRAMU
Coventry, 24 Agosti 1961
Kwa: FINOLA LAVELLE, KILFARRA

HAIKUWA BARIDI. NAFIKA JUMAMOSI ALFAJIRI NA GARI LA MIKATE. NJOO UNIPOKEE GATINI KICHWA WAZI. SITAGEUKA. TUTARUDI COVENTRY SOTE. NITAOMBA KAZI YANGU TENA NA KILA ASUBUHI UTANIAGA. BABA